Nipo mlangoni, ila kwa Kiingereza sijui nipo wapi

Wiki kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kuandika imeili ya kuwaelekeza wageni wanaokuja kwenye mkutano, kazi ndogo tu, mistari sita saba, jengo liko wapi, mnaingilia wapi, lifti ipi, ukumbi gani. Nikaandika fasta nikatuma nikaendelea na mambo yangu. Siku yenyewe mzungumzaji mkuu haonekani. Muda umefika, watu wameshakaa, simu inaita haipokelewi, kumbe jamaa yupo nje, amesimama mbele ya jengo na begi lake, katulia tuli, anasubiri. Anasubiri kwa sababu mimi kwa mkono wangu mwenyewe nilimwandikia "please wait for us in front of the hall". Mi nilimaanisha kule mbele, kwenye viti vya mbele karibu na jukwaa, kwa Kiswahili changu mbele ya ukumbi ndiyo huko. Kwa Kiingereza chake "in front of the hall" ni nje, yaani umesimama jengo likiwa linakutazama usoni. Mbele ya ndani wanasema "at the front of the hall". Kijineno kimoja kimebadilika na kingine kimeongezeka, mtu mzima kasimama nje dakika ishirini kama mdai.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama nimeingiwa na kitu, kila nikiona kibao au meseji yenye in, on au at nasimama naisoma mara mbili. Manake si kwamba hatujui maana zake, hizo tulifundishwa tukiwa wadogo, kitabu kipo juu ya meza, mpira upo ndani ya boksi, mwisho wa somo. Shida majengo hayana meza na boksi peke yake. Yana ghorofa, korido, ngazi, kona, milango, paa, mapokezi, na kila kimoja kina preposisheni yake kilichoizoea, na ukikosea hakuna anayekusahihisha, mtu anakuelewa nusu au anacheka kimoyomoyo, basi unaendelea kukosea miaka kumi.

Nadhani kinachotuponza ni ile -ni yetu. Sisi bwana tumebarikiwa, unachukua nomino yoyote ya mahali unaibandikia -ni imeisha: ofisini, mlangoni, ukutani, ngazini, dirishani. Pale ambapo haikai vizuri tunaweka kwenye, na wengine siku hizi wanaweka kwa, niko kwa lifti, niko kwa mlango. Na hii -ni haikuulizi maswali, haijali kama upo ndani, upo juu yake, upo kando, umeegemea au unaning'inia, anayekusikiliza atajazia mwenyewe. Picha ipo ukutani, mjusi yupo ukutani, msumari upo ukutani, ufa upo ukutani, hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Kiingereza kinakushika shati kwanza kinataka uamue. Picture on the wall, lizard on the wall, lakini nail in the wall na crack in the wall, kwa sababu msumari na ufa vimeingia kwenye ukuta wenyewe, picha na mjusi vimeshikilia kwa nje. Ukimwambia mtu "there's a lizard in the wall" umemwambia kuna mjusi amejichimbia ndani ya tofali, ataenda kutafuta nyundo.

Sasa mtu asije akasema Kiswahili ni kivivu. Tunazo po, ko na mo, tena ni mali ya zamani ya lugha za Kibantu, zile ngeli tatu za mahali, pa, ku na mu. Yupo ofisini, yuko ofisini, yumo ofisini, msikilizaji makini anasikia tofauti hata kama kwenye maongezi ya kawaida tunazichanganya: po ni hapo hasa panapojulikana, ko ni huko kwa ujumla, mo ni ndani kabisa. Ofisini pangu, ofisini kwangu, ofisini mwangu. Kwa hiyo vitatu tunavyo na wao wana vitatu, na hapo ndipo mtego ulipo, unaanza kulinganisha kimoja kimoja. Mo ni in, sawa, inakubali mara nyingi. Po unaipeleka kwa at, inakubali kiasi. Halafu unabaki na ko mkononi na wao wamebaki na on, na hizi mbili hazijuani kabisa. Ko inasema mahali ni huko, hapana mipaka. On inasema kuna uso, na kuna kitu kimegusa ule uso. Sisi ngeli ya uso hatuna. Ndiyo maana ukiangalia makosa yetu ndani ya majengo, mengi ni on iliyokosekana pale ilipotakiwa au imetokea pale haikualikwa.

Kwa hiyo mi nimeacha kujiuliza "kwenye" kwa Kiingereza ni nini, swali hilo halina jibu. Najiuliza mahali hapa Mwingereza anapaona kama kitu gani. Akipaona kama chombo, kitu chenye kuta kinachokuzunguka, ni in. Akipaona kama uso wa kukanyaga au kubandikia, ni on. Akipaona kama nukta tu, pa kufikia au pa kukutania, ni at. Na picha hiyo aliyonayo kichwani wakati mwingine ni ya ajabu.

Chukua ghorofa. Hili ndilo kosa namba moja na nalikuta kila mahali, "we are in the third floor", "our office is at third floor". Ukimuuliza aliyeandika atakutetea kwa hoja nzuri tu, ghorofa ina kuta, ina vyumba, mimi nipo ndani yake, kwa nini isiwe in? Kwa Kiswahili ana haki, ghorofa kwetu ni nyumba juu ya nyumba, hata jengo zima tunaliita ghorofa, fulani kajenga ghorofa. Ila Mwingereza akikueleza ulipo anasema floor, na floor ni sakafu. Anahesabu sakafu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zimepangwa kama rafu za kabati na wewe umesimama kwenye mojawapo. Nani anasimama ndani ya sakafu? Kilichopo in the floor ni bomba la maji, au marehemu kwenye zile hadithi za upelelezi. Kwa hiyo on the third floor, on the top floor, on the ground floor, bila ubishi. Empire State Building kule New York ina ghorofa 102 na watalii wanaenda kuutazama mji "on the 86th floor", hata ukifika mawinguni wao wanaona umekanyaga sakafu tu.

Na usidhani ndivyo binadamu wote wanavyoona. Mjerumani ghorofa hiyohiyo anasema "im dritten Stock", na hiyo im mwanzoni ni in kabisa, kwake upo ndani kama sisi. Mfaransa anasema "au troisième étage", inakaribiana zaidi na at. Mhispania ana en moja inayobeba in na on na at nyingi tu, raha mustarehe, huyo nadhani anateseka na Kiingereza kama sisi. Ghorofa moja, watu wanne wamesimama pamoja, kila mtu na kijineno chake na wote wapo sawa. Nilipogundua hili nilipumua kwa kweli, manake muda wote nilikuwa najiona mjinga nisiyeona mantiki, kumbe hapana mantiki ya kuona, kuna mazoea ya watu fulani waliochagua kuhesabu sakafu. Tena hata kuhesabu kwenyewe hawakubaliani, Mwingereza anaanza na ground floor halafu first floor ni ile ya juu yake, Mmarekani mara nyingi ile ya chini kabisa ndiyo first floor yake.

Ukishazoea on unakutana na besimenti, nayo inakugeuka: in the basement. Na kile chumba cha juu kabisa chini ya paa wanapotupia makorokoro, in the attic. Kumbe hizi hawazioni kama sakafu za kuhesabu, zina majina yake kama vyumba, na chumba ni chombo. In the kitchen, in the lobby, in the corridor, in room 12. At room 12 unaweza kuisikia kama mtu amefika tu hapo mlangoni, ila mkutano unafanyika in room 12. Lifti nayo ni boksi, in the lift, ingawa Wamarekani utawasikia na on the elevator kama vile wamepanda basi. Toka nje kidogo mambo yanabadilika, on the balcony, on the terrace, on the roof, hapo upo wazi umekaa juu ya kitu tambarare. Ngazi zinakanyagwa, on the stairs, lakini lile shimo refu lenye kuta ambalo ngazi zinapita, in the stairwell, na pale unapoanzia kupanda ni nukta, at the bottom of the stairs. Ngazi moja na zote tatu zimeshafanya kazi.

Chooni pia kuna mambo. Ukisema mtu yupo "in the toilet" Mwingereza anaelewa yumo chumbani humo, ila ukisema "on the toilet" umeeleza zaidi ya ulivyoulizwa, umeshamkalisha. Niliwahi kuisikia hiyo ikitamkwa kwenye mkutano wa simu, bosi yuko wapi, "he is on the toilet", kimya.

Ila mwalimu wangu mkubwa ni mlango. Sisi tunasema nipo mlangoni, basi. Kwao inategemea unafanya nini hapo. Umebisha hodi unasubiri ufunguliwe, "I'm at the door", mlango hapa ni nukta, ni pa kufikia. Umesimama katikati ya fremu, mguu mmoja ndani mwingine nje, unapiga stori na watu huku umewazibia njia, "in the doorway", na ona wamebadilisha mpaka nomino, kwa sababu door ni ule ubao na ndani ya ubao huingii, doorway ndiyo ule uwazi. Tangazo lililobandikwa, on the door. Jina lako likiandikwa pale, on the door, na hongera. Ufunguo uliousahau umezama kwenye tundu, in the door. Mwavuli uliouegemeza pembeni, by the door. Kwetu mgeni mlangoni, bosi aliyeziba njia mlangoni, tangazo mlangoni, ufunguo mlangoni, mwavuli mlangoni, maisha yanaendelea. Siku moja nilimwachia mwenzangu kikaratasi, "I left the keys on the door". Akaukagua mlango wote, juu, nyuma, akapapasa kwa juu ya fremu kutafuta zimetundikwa wapi, na zilikuwa kwenye tundu zinamtazama. Nikamwambia lakini wewe nawe ungeangalia kitasa, akanijibu kitasa hukukitaja.

Dirisha ni ndugu yake. At the window umesimama unachungulia nje, in the window ni kile kilichopangwa kwenye kioo cha duka wapita njia wakione, au uso wa mtu unaouona dirishani wewe ukiwa chini barabarani, umezungukwa na fremu kama picha. Na getini ni at the gate, mapokezi ni at reception, mlango mkuu wa kuingilia ni at the main entrance. Nasisitiza kwa sababu "wait for me on the entrance" nimeiandika miaka mingi mimi, mpaka mgeni mmoja mtani akaniuliza kama kuna ngazi ya kumsaidia kupanda.

Kona ni tamu. Kona ya ndani inakukumbatia, kuta mbili zimekubana huku na huku, in the corner of the room, printa ipo in the corner, kiti kipo in the corner. Kona ya nje ni kinyume, inakusukuma, upo kwenye ncha, kwa hiyo on the corner au at the corner, zote wanazitumia. Ukisema ofisi yenu ipo in the corner of the street mtu anaiona kama kijimeza kimebanwa mahali na sufuria juu yake. Ni ukuta uleule, tofauti ni upande gani umesimama, na hili mi naliona ni zuri kabisa, hata Kiswahili kingelipenda.

Haya, tuje kwenye juu ya, manake hii imetuaibisha wengi. Tulifundishwa on ni juu ya, kitabu juu ya meza, na tukaishika hivyohivyo mpaka leo. Sasa ofisi yako ipo ghorofa ya pili na chini yenu kuna benki, unamwelekeza mtu kwamba tupo juu ya benki, unaandika "our office is on the bank". Kwanza haieleweki, pili hiyo bank ikiwa na on mbele yake mtu anaweza kuona ukingo wa mto, mmekaa majani yanawafunika mnavua samaki. Ni above the bank. On haisemi urefu, inasema mguso. Taa iliyokaa mezani ni on the table, taa inayoning'inia hewani usawa wa meza ni above au over the table, sisi zote tunaweza kusema taa juu ya meza tukanyoosha kidole. Na ushahidi kwamba on si juu ni yule mjusi wetu, akiwa darini yupo miguu juu mgongo chini, ukiangalia kwa haki yupo chini ya dari, lakini on the ceiling, kwa sababu ameligusa. Inzi vilevile.

Juu kabisa ya jengo nako usiandike unavyojisikia. On top of the building umepanda paa, upo na matangi na antena. At the top of the building upo mwisho wa juu lakini huenda umo ndani, una kiyoyozi na kahawa. Pale Burj Khalifa, Dubai, sehemu ya watalii kutazama mji kwenye ghorofa ya 124 na ya 125 wameipa jina At the Top, na wamefanya vizuri, On Top ingeogopesha wateja.

At yenyewe ndiyo ngumu kuiona kwa macho kwa sababu haisemi umbo. "I'm at the office" maana yake nipo kazini, unaweza kuwa umesimama nje unaongea na simu. "I'm in the office" umo ndani, upo na kuta. Mwandishi wa habari anaripoti "at the White House" huku yupo nje kwenye majani na kamera yake, anayelala ndani ndiye yupo "in the White House". Ukiwa na namba ya jengo ni at, at 10 Downing Street, kwa sababu namba imekufanyia nukta. Ukiondoa namba ukabaki na mtaa wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, Waingereza wengi wanasema in Downing Street na Wamarekani wanasema on Pennsylvania Avenue, mmoja anaona mtaa una kuta za nyumba huku na huku, mwingine anaona mstari umechorwa na nyumba zimekaa juu yake. Hapo mi sijiingizi.

Turudi kwa yule mzee wangu wa nje ya ukumbi. Mbele ya ina matatizo mawili na nilikuwa najua moja tu. La kwanza ndilo lile, mbele ya nje na mbele ya ndani, in front of na at the front of, na nyuma ni hivyohivyo, behind the hall upo nje kwenye mapipa ya taka, at the back of the hall umekaa viti vya mwisho karibu na mlango wa kutorokea. La pili ni kwamba tunasema chumba kipo mbele ya lifti tukimaanisha ukitoka tu kwenye lifti unatazamana nacho. Hiyo wao ni opposite the lift, vitu viwili vinaangaliana na katikati kuna nafasi, na Mmarekani atapendelea across from. In front of the lift ni wewe uliyesimama unasubiri ifunguke. Halafu opposite haitaki kijineno kingine nyuma yake, hakuna opposite of the lift, tunaipachika kwa sababu mkabala na ina na yake. Kinyume chake next inataka to, next to the lift. Beside ni kando ya, besides yenye s ni zaidi ya hayo, s moja inakutoa kwenye jengo inakupeleka kwenye hoja.

Nilikuwa nasoma mambo haya nikakuta front yenyewe imetoka kwenye neno la Kilatini la paji la uso. Yaani jengo lina paji, na ukisimama mbele yake unatazamana nalo. Nikacheka kwa sababu na sisi ndani yetu asili yake ni tumbo, lile nda la zamani la Kibantu likapachikwa -ni, ndani ni tumboni. Wao jengo lina uso, sisi jengo lina tumbo.

Kuna pale ambapo kosa letu ni kuweka kitu mahali pasipotaka kitu. Upstairs, downstairs, outside, here, hizi zimeshabeba mahali ndani yake kama nyumbani ilivyobeba -ni, ukisema "he is at upstairs" ni kama kusema kwenye juuni. Na enter the room, siyo enter in the room, reach the office, siyo reach at the office, ila arrive ndiyo inataka, arrive at the building, na ukiwa unazungumzia mji inageuka arrive in. Hii ya mwisho unaikariri tu, kuna vitu vya kuelewa na kuna vya kumeza.

Sasa nimejifunzaje. Kuna mtaalamu wa isimu aliitwa Melissa Bowerman, alifanya kazi Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen, Uholanzi, na mwaka 1992 yeye na mwenzake Eric Pederson walitengeneza picha 71 za kuchora, kikombe mezani, tofaa kwenye bakuli, vitu vya namna hiyo, unamwonyesha mtu wa lugha yoyote unamuuliza hiki kiko wapi, halafu unaona lugha yake inakata wapi na inaunganisha wapi. Nikaiba wazo. Nilizunguka na simu jengo zima tunalofanyia kazi nikapiga picha, mtu kwenye ngazi, koti nyuma ya mlango, ua kwenye kona, saa ukutani, tundu ukutani, mlinzi getini, halafu jioni nikawa nazipitia moja moja najibu kwa Kiingereza kwa sauti. Mlinzi aliniuliza kama kuna ukaguzi unakuja. Ila ilisaidia kuliko orodha yoyote niliyowahi kukariri, manake orodha inakupa neno na picha inakulazimisha kuona kama wao.

Juzi nikapata nafasi ya kujisafisha, mgeni mwingine anakuja, Mmarekani, na imeili ya maelekezo nikaomba mwenyewe niandike. Niliikalia nusu saa. "We are on the second floor. Please sign in at reception, take the lift, and turn left. Our meeting room is opposite the lift, next to the stairs. Your name will be on the door. Someone will be waiting for you in the corridor." Nikaisoma kwa sauti, nikaisoma tena, nikamwonyesha yule wa funguo akasema safi. Nikatuma nikiwa na kifua mbele.

Siku imefika tumesimama kwenye korido, dakika tano, kumi, kimya. Halafu simu ikalia meseji: "I'm on the second floor, opposite the lift, next to the stairs. There's no name on the door and nobody in the corridor." Preposisheni zote sahihi. Nikashuka ghorofa moja kumchukua.